Ada, Tawi na Mgomo: Chama cha Wafanyakazi Kinamjibu Nani?

Wafanyakazi 20 wanatosha kuanzisha chama cha wafanyakazi Tanzania Bara. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Waajiri wanne nao wanaweza kuunda chama chao, na vyama vitano vilivyosajiliwa vinaweza kuungana na kuwa shirikisho. Zanzibar ina sheria zake za kazi na shirikisho lake. Kwa maandishi, basi, mlango uko wazi kuliko ulivyopata kuwa wakati wowote tangu uhuru.

Lakini cheti cha Msajili hakimwongezei mtu hata shilingi moja kwenye mshahara. Kazi yenyewe ya chama huanzia mahali pa kazi, na huanza na karatasi moja iitwayo TUF 6. Kwa fomu hiyo mfanyakazi anamruhusu mwajiri amkate ada ya chama kwenye mshahara. Mwajiri akishakata hana ruhusa ya kukaa na fedha hizo. Anatakiwa kuzifikisha kwenye chama ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Anayetaka kujitoa huandika notisi ya mwezi mmoja. Vyama vingi hukata asilimia 1 au 2. Kwa mtumishi anayepokea sh 500,000, ambacho ndicho kima cha chini cha mshahara serikalini tangu Julai 2025, asilimia 2 ni sh 10,000 kila mwezi. Ni kiasi cha kutosha kumfanya mtu aulize kinakwenda wapi.

Fomu hizo zikihesabiwa ndipo nguvu ya tawi inapojulikana. Chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa sehemu husika kinatambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano, na mwajiri hana budi kukaa nacho mezani. Penye wanachama wasiofika kumi huwa na mwakilishi mmoja. Wakizidi 100, wawakilishi hufika 15, na hupewa muda wa kiasi wa saa za kazi wenye malipo ili washughulikie matatizo ya wenzao. Viongozi wa chama wana haki ya kuingia kwenye eneo la mwajiri kuandikisha wanachama na kufanya mikutano. Haki hiyo inaonekana ndogo mpaka aonekane kiongozi wa chama amesimamishwa getini na mlinzi anayesubiri simu ya meneja.

Majadiliano yakifika mwisho mwema huzaa mkataba wa hali bora za kazi. Sheria ya nchi huweka sakafu tu: saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu ya ile ya kawaida, likizo ya siku 28 kwa mwaka, likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa aliyejifungua pacha, na siku tatu kwa baba. Mkataba wa hali bora unaanzia pale sheria inapoishia. Ndani yake mna nauli ya likizo, posho ya nyumba, chakula cha zamu ya usiku, matibabu ya wategemezi, viatu na glavu, utaratibu wa kupunguza watu kazi zikipungua. Mna pia sanda, jeneza na gari la kusafirisha maiti. Anayefanya kazi Dar es Salaam na kwao ni Kigoma hahitaji kuelezwa kwa nini kipengele hicho hugombewa.

Manufaa ya mkataba huo humfikia hata asiye mwanachama. Ndiyo maana sheria inaruhusu chama na mwajiri wakubaliane juu ya ada ya uwakala: asiyejiunga naye anakatwa, kwa kiwango kisichozidi ada ya mwanachama, na fedha hizo ziwekwe kwenye akaunti ya peke yake, zitumike kwa maslahi ya wafanyakazi wa mahali hapo, wala zisiende kwa chama cha siasa. Hoja ina haki ndani yake, kwa kuwa anayekula matunda achangie palizi. Hatari yake ni kwamba chama ambacho fedha zake huingia kila mwezi, wanachama wakifurahi wakichukia, hakina haraka ya kwenda kuwasikiliza. Malalamiko mengi ya wafanyakazi dhidi ya vyama vyao, hasa ya walimu na watumishi wa halmashauri, hurudi kwenye jambo hilohilo: makato yanaonekana kila mwezi kwenye hati ya mshahara, kiongozi anaonekana Mei Mosi akigawa fulana na kofia.

Tabia hiyo ina historia, na historia yenyewe haikuanza na makato. Waliofungua njia ya migomo katika bandari ya Dar es Salaam walikuwa vibarua. Mwaka 1939 wapakiaji wa kutwa, watu wasio na mwajiri wa kudumu wala mshahara wa mwezi, waligoma wakidai nyongeza, wakashindwa. Bandari ikagoma tena mwaka 1943. Mara ya tatu, Septemba 1947, mgomo ulitoka gatini ukafuata njia ya reli hadi miji ya bara, na safari hii mishahara ilipanda. Mombasa ilikuwa imetangulia kwa miezi minane tu: Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa bandari, reli, mahoteli na majumbani waliacha kazi kwa pamoja, na Chege Kibachia akawa sauti yao mpaka serikali ya kikoloni ilipomkamata mwezi Agosti. Chama cha wapakiaji wa Dar es Salaam kilichozaliwa na ushindi wa 1947 hakikudumu. Mgomo wa mwaka 1950 uliingia vurugu, kikafutwa.

Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, lilianza mwaka 1955, katibu mkuu wake akiwa Rashidi Kawawa. Miaka mitano iliyofuata ilikuwa ya moto. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli, chama chao kikiongozwa na Christopher Kasanga Tumbo, waligoma kwa siku 82. Vyama vilishirikiana na TANU, ila vilijua pia kuipinga: viongozi kadhaa walitaka Waafrika wapewe madaraka haraka zaidi katika utumishi na hawakutaka chama cha siasa kiwaamulie mambo ya kazi.

Uhuru ulipokuja, serikali ilijikuta yenyewe ndiyo mwajiri mkubwa. Mwaka 1962, Kawawa akiwa Waziri Mkuu, zilipitishwa sheria zilizofanya mgomo halali uwe mgumu mno kupatikana. Aliyepanda kwa ngazi ya vyama vya wafanyakazi ndiye aliyekuwa kileleni ngazi hiyo ilipobanwa. Januari 1964 askari waliasi. Baada ya maasi kuzimwa, viongozi wengi wa vyama walikamatwa wakishukiwa kushirikiana na waasi, TFL ikavunjwa, na mwezi Februari kikaundwa kwa sheria ya Bunge chama kimoja cha nchi nzima, NUTA. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi. Mfanyakazi aliyekuwa na shida na serikali alitakiwa aipeleke kwa chama, na chama kikaipeleke kwa waziri, na waziri ndiye katibu mkuu wa chama. Ada ilikatwa moja kwa moja kwenye mshahara.

Haitakuwa haki kusema kwamba enzi hizo hazikumpa mfanyakazi kitu. Sheria ya Usalama Kazini ya mwaka 1964 ilizuia mwajiri kumfukuza mtu kiholela, na kamati za wafanyakazi zilianzishwa viwandani. Kilichokosekana ni chombo cha kusemea wakati serikali na wafanyakazi walipotofautiana. Pengo hilo lilionekana mara baada ya TANU kutoa Mwongozo mwaka 1971, waraka uliowakataza viongozi kuwa na majivuno, ubadhirifu na uonevu. Wafanyakazi waliusoma kwa makini kuliko walioutoa walivyotarajia. Hadi mwaka 1973 viwanda vingi vilikumbwa na migomo baridi na migomo ya wazi. Mameneja walifungiwa nje ya ofisi zao, na katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wafanyakazi waliwaondoa wamiliki wakaendesha mitambo wenyewe. Chama rasmi, pamoja na ada zake zote, hakikuwa mbele ya hata moja ya harakati hizo kubwa.

NUTA ikawa JUWATA mwaka 1978, JUWATA ikawa OTTU mwaka 1991 siasa za chama kimoja zilipokuwa zinafika ukingoni. Baadaye vyama vya kisekta vikapata kusimama kila kimoja na usajili wake, na shirikisho la leo, TUCTA, likaundwa mwaka 2001. Uhuru wa kisheria ulirudi. Makato yalikuwa hayajawahi kuondoka.

Mgomo nao umerudi kwenye sheria, ila njia yake ni ndefu. Mgogoro wa maslahi hupelekwa kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA. Msuluhishi ana siku 30. Akishindwa, chama hupiga kura, walio wengi wakikubali hutoa notisi ya saa 48, na ndipo mtu anaruhusiwa kuacha kazi. Mgomo wa namna hiyo ukiwa halali, mwajiri hawezi kuleta watu wa kushika nafasi za waliogoma; waliogoma nao hawaruhusiwi kumfungia mwajiri ndani wala nje. Wanaotoa huduma muhimu kwa kawaida hawana ruhusa: maji na usafi wa mazingira, umeme, afya, zimamoto, uongozaji wa ndege. Hao migogoro yao huamuliwa na Tume.

Mara mbili vyama vikubwa vilijaribu kupita njia hiyo. TUCTA ilitangaza mgomo wa nchi nzima kuanzia Mei 5, 2010, ikidai kima cha chini cha sh 315,000. Siku mbili kabla, Rais Jakaya Kikwete alizungumza na wazee wa Dar es Salaam, akasema serikali haina uwezo huo na kuwaonya watakaogoma. Mgomo ukaahirishwa. Julai 30, 2012 walimu waligoma kweli. Ndani ya siku chache Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iliutangaza mgomo huo kuwa batili, na walimu wakarudi darasani. Tangu hapo vyama vya Tanzania vimependelea meza kuliko barabara. Kikokotoo cha mafao ya kustaafu ni mfano wa kile meza inachoweza kuleta. Kanuni za mwaka 2018 zilitaka mstaafu apewe asilimia 25 tu ya mafao kwa mkupuo, wakati waliokuwa wanachama wa mifuko ya PSPF na LAPF walikuwa wakipata asilimia 50. Kilio kilikuwa kikubwa, na Desemba 28, 2018 Rais John Magufuli alikutana na viongozi wa vyama akazisimamisha kanuni hizo. Julai 2022 mkupuo ukawekwa asilimia 33 kwa wote, na bajeti ya Juni 2024 ikaupandisha hadi 40 kwa walioshushwa kutoka 50, na 35 kwa waliotoka 25. Asilimia 50 ya zamani haijarudi.

Kenya wamekwenda njia nyingine. Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 41, inampa mfanyakazi haki ya kugoma. Madaktari walisaini makubaliano na serikali mwaka 2013. Yalipokaa kabatini waligoma kuanzia Desemba 5, 2016 hadi Machi 14, 2017, siku 100 kamili, na viongozi wao wakapelekwa gerezani mwezi Februari kwa kudharau amri ya mahakama. Mwaka 2024 waligoma tena kwa siku 56, na karatasi waliyoishikilia mkononi ilikuwa makubaliano ya 2017. Wagonjwa maskini ndio walioumia zaidi katika migomo yote miwili, jambo ambalo hakuna mtetezi wa haki ya kugoma anayepaswa kulipitia haraka. Hata hivyo serikali ilijifunza kwamba saini yake ina watu wanaoikumbuka.

Kwa mfanyakazi mmoja mmoja, migomo hiyo mikubwa iko mbali. Yeye hukutana na sheria siku anapofukuzwa. Madai ya kuachishwa kazi isivyo halali yanatakiwa kufika CMA ndani ya siku 30. Madai mengine ndani ya siku 60. Wengi hukwama hapo. Aliyefukuzwa huanza kwa kumwandikia meneja barua ya kuomba radhi, humtafuta ndugu anayemfahamu bosi, husubiri afisa rasilimali watu arudi safari, na siku ya 31 humkuta bado yumo kwenye kusubiri. Baada ya hapo hana budi kuomba aongezewe muda na kueleza kila siku ya kuchelewa ilikwendaje, huku mwanasheria wa mwajiri akipinga. Tawi lililo hai linamfaa mtu hapa kuliko penginepo: mwakilishi anayejua kwamba kuna fomu ya kujaza, ofisi ya kuipeleka na tarehe ya mwisho.

Yote hayo yanamhusu mwenye mwajiri, mkataba na hati ya mshahara. Watu hao ni wachache kati ya wanaotoka nyumbani alfajiri kwenda kutafuta riziki. Nje ya mageti ya viwanda, kando ya Barabara ya Nyerere kwa mfano, wapo wanaosubiri kuchaguliwa kwa kunyooshewa kidole na supavaiza. Kibarua huyo wa kutwa, deiwaka, hulipwa jioni, kesho haijulikani, na wapo waliokuwa deiwaka wa kiwanda kilekile kwa miaka. TUF 6 haimsaidii, kwa sababu hana mshahara wa mwezi wa kukatwa. Akiongea sana, kesho kidole kinampita. Mawakala wa ajira wameongeza ukungu: mtu anafanya kazi kwenye kampuni moja huku mshahara ukitoka kwa nyingine, na kila moja ikimwelekeza kwa mwenzake. Ni hali ileile ya wapakiaji wa mwaka 1939, isipokuwa kwamba mfumo wa vyama umejengwa tangu hapo juu ya orodha ya mishahara ambayo majina yao hayamo.

Kazi za nyumbani zina ugumu wa aina yake. Dada wa kazi ana mwajiri, ila yuko peke yake mahali pa kazi. Hakuna wengi wa kuhesabu, na haki ya kiongozi wa chama kuingia eneo la mwajiri inagongana na sebule ya mtu. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kimataifa kuhusu wafanyakazi hao mwaka 2011, namba 189. Tanzania chama chao ni CHODAWU, Kenya ni KUDHEIHA, na sehemu kubwa ya kazi ya vyama hivyo ni kuwapata wenyewe: mtaa kwa mtaa, Jumapili mchana, siku ambayo baadhi yao huruhusiwa kutoka.

Walio nje ya mfumo hawajakaa kimya. Aprili 10, 2015 madereva wa mabasi walisimamisha magari, abiria wakakwama Ubungo. Mei mwaka huo waligoma tena, na moja ya madai yao makubwa ilikuwa mikataba ya ajira ya maandishi. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa sababu ya kodi na kamatakamata, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Juni 2024 wakafunga tena. Wale si waajiriwa, na kisheria ule si mgomo. Ila ni vigumu kutaja chama cha wafanyakazi nchini ambacho katika miaka hiyo kilimleta kiongozi wa ngazi ile barazani kwa siku mbili tatu.

Madereva wa magari na bodaboda za programu za simu wako katikati: programu huwaita washirika, huwapangia nauli, huchukua asilimia yake, na inaweza kumfungia dereva akaunti bila kikao cha nidhamu. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber nchini humo wana haki za wafanyakazi, ikiwamo kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Tanzania suala hilo limeshughulikiwa zaidi kama suala la nauli kuliko la kazi: LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, iliweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 15 mwaka 2022, Uber ikasitisha huduma, na ukomo ulipopandishwa hadi 25 ikarudi. Dereva alibaki mwenye gari, mwenye mafuta na mwenye hasara.

Nairobi ndiko swali la nani hasa ni mwajiri limefikishwa mbali zaidi katika Afrika Mashariki. Vijana walioajiriwa na kampuni ya Sama walikaa mbele ya kompyuta wakitazama video za mauaji, ubakaji na mateso ili kuziondoa kwenye Facebook, kwa malipo ya dola chache kwa saa. Daniel Motaung, mmoja wao, aliachishwa kazi baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake, akafungua kesi mwaka 2022 dhidi ya Sama na Meta, wamiliki wa Facebook. Mwaka uliofuata zaidi ya wengine 180 walifungua ya kwao baada ya kupunguzwa kazini, na Mei Mosi 2023 wachujaji maudhui zaidi ya 150, wakiwamo waliowahi kufanya kazi za TikTok na ChatGPT, walipiga kura jijini Nairobi kuanzisha chama chao. Meta ilijibu kwamba haina ofisi Kenya na haikumwajiri yeyote kati yao, kwa hiyo mahakama za huko haziwezi kuihukumu. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikataa hoja hiyo na kuruhusu kesi ziendelee dhidi ya kampuni hiyo.